Dakika Moja ya Chumba Kitupu

Asubuhi ile Fundi alipowasha kompyuta ya studio, feni yake ilichelewa kuzunguka, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema uongo. Usiku mfumo ulikuwa umejisasisha wenyewe. Katikati ya kioo palikuwa na kisanduku cha kijivu: Kichuja kelele hakina idhini tena kwenye mashine hii.

Hakushtuka. Programu za muziki ndivyo zilivyo. Mfumo ukibadilika kidogo tu, zinakukana kama hamjawahi kuonana. Aliingiza namba yake ya leseni, ikakataliwa. Akawaandikia walioitengeneza, barua ikarudi ilikotoka. Kampuni yenyewe ilishafungwa.

Studio ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba yao, kisicho na dirisha, kuta zimefunikwa kwa magodoro ya zamani. Humo ndani mchana na usiku ni mamoja. Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na nyimbo tisa za mke wake, alizorekodi wiki mbili kabla ya kupasuliwa koo. Tangu siku hiyo mke hakuwa na sauti, alinong'ona tu. Fundi alikuwa hajazimaliza nyimbo hizo. Kila siku alizigusa hapa na pale, hakuridhika. Lakini kila mchana aliufungua wimbo wa tisa, ukasikika kwenye spika ndogo ya chumbani, na mtoto wao wa miaka mitatu, waliyemwita Kifaranga, akalala. Kifaranga aliamini kwamba mama yake mwenye sauti anaishi ndani ya spika. Duniani kote, sauti ya mwanamke yule haikuwa mahali pengine.

Fundi alikuwa na desturi moja. Kabla ya kumrekodi mtu, aliwatoa wote nje, akafunga mlango, akasema kwenye maiki, "Haya, tunaanza," kisha akarekodi dakika moja ya chumba kitupu. Kichuja kelele kiliisikiliza dakika hiyo, kikajifunza mvumo wa feni na ngurumo za barabarani, halafu kikaviondoa kwenye wimbo mzima. Miaka sita alifanya hivyo. Wateja walimtania kwamba anamrekodi shetani, naye alicheka pamoja nao.

Mchana huo akaona kelele kidogo haiui mtu. Akaufungua wimbo wa tisa bila kichujio.

Kwanza ilikuja ile dakika tupu. Feni. Pikipiki ya mbali. Halafu, karibu kabisa na maiki, mtu akavuta pumzi.

Mke wake alipoanza kuimba, chini ya sauti yake palikuwa na nyingine, inafuata maneno kwa kuchelewa kidogo, kama mtoto anayefundishwa kusoma. Fundi akafungua wimbo wa nane, wa saba, wa kwanza. Ilikuwamo. Akafungua kazi za wateja wa zamani, na humo pia ilikuwamo. Katika tangazo la muuza magodoro ilirudia nyuma ya yule bwana, "Laini, halididimii, halididimii," polepole, kwa uzito wa mtu anayekula kiapo. Chumba kilikuwa kimeanza kunuka kama nguo mbichi iliyosahauliwa kwenye ndoo.

Hakumwambia mtu. Lakini nyumba yao ilikuwa ndogo, na mke mwimbaji ana masikio; tangu siku ya kwanza aliisikia kwenye spika ya chumbani. Siku ya tatu aliingia, akavaa hedifoni, akasikiliza wimbo wa tisa mpaka mwisho. Akazivua, akamgeukia Fundi.

"Inanisoma," alinong'ona. "Juzi ilikuwa nyuma yangu. Leo tuko sambamba."

Kesho yake ile sauti ilitangulia. Na kadiri ilivyopanda, ndivyo ya mke ilivyofifia, ikawa nyembamba kama uzi, wimbo baada ya wimbo, ingawa Fundi hakuwa amegusa kitufe chochote.

Mama mkwe alipopata habari alikuja na mkoba wake, akaketi jikoni. Alisema yeye alidhani amemwoza binti yake kwa mwanamume, kumbe amemwoza kwa nyaya, na sasa nyaya zimeleta mke mwenza. Hakuna aliyecheka. Mchana huohuo akamleta mganga, mwanamke mfupi aliyestaafu ushonaji wa mashuka ya hospitali, na sindano bado zimechomekwa kifuani mwa gauni lake.

Mganga hakuchoma kitu wala hakuuliza majina. Alimtaka Fundi aonyeshe tu anavyofanya kazi. Fundi akawatoa nje, akafunga mlango, akasogelea maiki. Kabla hajafungua mdomo, mganga akausukuma mlango na kumshika mkono.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "kila siku unafukuza watu, unafunga mlango, unamwambia asiyekuwepo aanze. Kisha unachukua alichokupa, unakitumia kumfuta. Miaka sita unamwita na kumfuta. Wewe ungekuwa yeye, ungefanyaje?"

Akaeleza dawa. Kila faili lenye ile dakika lifutwe, lisibaki hata moja, halafu Fundi asimame kwenye maiki aseme neno ambalo hakuwahi kukiambia kile chumba: basi, tumemaliza, nenda. Likibaki moja, alisema, huo utakuwa mlango, na safari hii haitangoja kuitwa.

Fundi aliwatazama wale wanawake watatu. Alisema nyimbo tisa ndizo alizobakiwa nazo mkewe. Mke akamsogeza kando. Alikaa kwenye kiti, akachagua folda moja baada ya nyingine na kuzifuta yeye mwenyewe, macho makavu, mpaka alipofika kwenye nyimbo zake. Hapo alisita kidogo tu. Kisha akazifuta nazo. Fundi akasogelea maiki, akasema maneno aliyofundishwa, na harufu ya nguo mbichi ikakatika.

Ila asubuhi ya siku ile, kabla mganga hajafika, Fundi, akihofu sauti ya mkewe itafifia yote, alikuwa ameunakili wimbo wa tisa, pamoja na dakika yake tupu, kwenye flashi, na flashi ilikuwa mfukoni mwake alipokuwa akisema "nenda", na alijiambia kwamba wimbo mmoja si kitu, kwamba mtoto lazima alale, kwamba mwanamke hawezi kunyang'anywa sauti mara mbili na mume akatazama.

Siku tano zilipita kimya. Siku ya sita, mchana, alikuwa ukumbini akikunja nyaya aliposikia mke wake anaimba chumbani. Ilikuwa sauti yake yenyewe, nzima, ya zamani, na Fundi akaziachia nyaya, akaegemea ukuta, machozi yakamtoka kwa furaha, akawaza kwamba koo limepona, kwamba madaktari walikosea, kwamba hata mganga amekosea, na alikuwa bado anawaza hivyo alipoguswa begani, akageuka, akamwona mke wake amesimama nyuma yake na sufuria mkononi, kiganja kimoja amekiweka kooni, anasikiliza kama anavyosikiliza yeye.

"Umebakisha," alinong'ona.

Fundi akaingiza mkono mfukoni. Flashi ilikuwapo, ya moto kama kaa. Spika ya chumbani ilikuwa imelala palepale ukumbini, miguuni pake, waya wake umekunjwa.

Wimbo ukaisha. Nyuma ya mlango Kifaranga alicheka, akasema, "Mama, rudia."

Ndani pakawa kimya. Walisimama pale wote wawili, hakuna aliyethubutu kushika kitasa, na kimya kile kikaendelea, mvumo wa feni, pikipiki ya mbali, dakika nzima. Kisha mtu akavuta pumzi.

"Haya," ikasema sauti ya mke wake, kwa upole, "tunaanza."