Mguu wa Mwalimu

Kituo cha mafuta kilifurika mchana ule, foleni imetoka mpaka barabarani. Mwalimu wa udereva alisimama kando ya gari lake dogo jeupe, blauzi ya njano imenyooka kwa pasi, akitazama tarakimu za pampu zikikimbia.

"Dada, hiyo gari inakunywa au inaoga?" aliuliza mwanamume nyuma yake, dumu mkononi, ovaroli ya buluu, grisi mpaka kwenye viwiko.

"Kwani unalipa wewe?"

"Silipi. Ila mimi ni fundi, roho inaniuma."

Mwalimu akacheka bila kupenda. Kesho yake jioni alikuwa gerejini kwa fundi.

Fundi alifungua boneti, akang'oa boksi jeusi la filta ya hewa, mahali pake akafunga filta ya wazi, nyekundu, yenye umbo la koni. "Sasa itapumua," alisema. "Shida ya mafuta utaisahau. Ila kila wiki uje niikague."

Akaja kila wiki, kisha kila siku. Gari lilipata mngurumo mpya, na moyo wake nao hivyo hivyo, tusifichane. Simu zikaanza.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Nimekula, fundi wangu. Umenawa kabla ya kushika simu?"

"Nimenawa kwa petroli."

Ni kwenye simu hizo mwalimu alipomweleza fundi kwamba aliwahi kuvunja uchumba kwa sababu ya uongo mmoja wa mchumba wake, mdogo tu. "Nikimkamata mtu ananidanganya, sina naye tena."

"Nimesikia," fundi alijibu, sauti imepungua.

Mwezi ulipokwisha, tanki lililozoea kumfikisha Ijumaa lilikuwa linakauka Jumatano. Mwalimu akapiga simu.

"Hii filta yako inakula kuliko ile ya zamani. Ulinidanganya?"

Hapo ndipo fundi alipopaswa kusema kweli. Badala yake akasema, "Labda ni mguu wako."

"Mguu wangu! Miaka tisa nafundisha watu kukanyaga taratibu, leo wewe unifundishe mguu?" Akakata simu.

Hawakusemezana wiki mbili. Mwalimu alimkumbuka mpaka chakula kikamshinda, lakini ualimu ni ualimu. Wiki ya pili alijipima kama anavyompima mwanafunzi: njia zilezile, filta ileile, ila mguu mwepesi. Akiona taa nyekundu mbele, aliachia mafuta mapema. Ikiwaka kijani, hakukurupuka. Tanki likafika Ijumaa, sawasawa na zamani, bila kuzidi hata kidogo. Kumbe filta haikuokoa kitu, na mguu kweli ulikuwa unakula. Aliona haya peke yake kwenye usukani.

Alipofika gerejini, boksi jeusi lilikuwa juu ya meza, limefutwa vumbi.

"Nilijua haipunguzi mafuta," fundi alisema kabla hata ya salamu. "Pale ilipo inavuta hewa ya moto ya injini, inaongeza kelele tu. Nilitaka uwe na sababu ya kurudi. Nilikudanganya, na niliogopa kukwambia. Ukiondoka leo, ondoka na boksi lako."

Mwalimu alilichukua boksi mezani. Sharti alilijua, maana alilitoa mwenyewe.

"Yule wa kwanza nilimkamata," alisema. "Wewe umejitaja. Na mguu ulikuwa wangu kweli. Wanafunzi wakishuka tu, nakanyaga mpaka hapa kwako. Ule mngurumo ulinipanda kichwani."

Fundi alitaka kucheka, machozi yakamlengalenga.

"Kuanzia leo, kila kitu uniambie kama kilivyo," mwalimu akasema.

"Haya. Soksi hizi ni za kaka yangu. Na Jumapili nataka kuja kwa mama yako kuposa."

"Njoo. Ila uje na soksi zako."

Fundi akamfungia boksi pale pale. Wakati wa kurudi gari lilikuwa kimya kama zamani. Simu ikaita. Mwalimu akaegesha kwanza, ndipo akapokea.

"Umefika, mpenzi?"

"Bado. Naendesha polepole."

"Kuna foleni?"

"Hakuna. Nilikokuwa nakimbilia nimeshatoka."