Mahindi ya Mvua ya Aprili

Nzisa alikunja mkono wa sweta lake la kijivu hadi kwenye kiwiko, akauzamisha mkono wote ndani ya gunia la mahindi mpaka akagusa chini. Watu walipita wakimsukuma huku na huku, maana ilikuwa Jumamosi na soko la Kayole jijini Nairobi lilikuwa limejaa pomoni. Hakujali. Alitoa konzi ya punje, akazinusa, akaivunja moja kwa meno, akaitema.

"Dada, kuna kitu ulipoteza humo?"

Sauti ilitoka nyuma ya mizani. Mwenyewe alikuwa mwanaume mrefu, koti lake la kazi la buluu limepauka mabegani, vumbi la nafaka limemkaa kwenye nyusi kama mvi, ingawa uso haukuzidi miaka thelathini na mitano.

"Juu ya gunia ni sura," Nzisa akajibu bila kumtazama. "Tabia iko chini."

"Na mimi, ukitaka kunijua, utaanzia wapi?"

"Wewe sijataka kukujua. Haya mahindi yameanikwa siku ngapi?"

Mwanaume akaacha kucheka. Alichukua punje kiganjani mwake, akazibonyeza kwa ukucha. "Hayo usinunue. Yamefika jana kutoka Kitale na bado yana maji. Njoo Alhamisi nikutolee mazuri."

Kwa miaka mitatu Nzisa alikuwa akizunguka masoko ya Eastlands akitafuta nafaka safi, na hakuna muuzaji aliyewahi kumwambia usinunue. Sasa akamtazama. Mwanaume akasema jina lake ni Mulongo, mtu wa Bungoma. Naye akajitaja: Nzisa, mwenye gari la chakula linaloegeshwa karibu na Barabara ya Lunga Lunga, Industrial Area, linalowauzia vibarua wa viwandani githeri ya mahindi na maharagwe, chapati na madondo ya mchuzi.

Alhamisi akarudi. Alijiambia anafuata mahindi.

Mapenzi yao yalianza hivyo, gunia baada ya gunia. Mulongo alimwekea maharagwe ya aina ya nyayo yasiyo na wadudu, akamfundisha kutofautisha mavuno ya mwaka huu na ya mwaka jana kwa kutazama ngozi yake. Kila asubuhi, Nzisa na mwenzake Shirleen wakiwa wanasukuma chapati ndani ya gari, simu ililia.

"Mama Githeri, umeamkaje?"

"Nimeamka. Maharagwe yangu yako wapi?"

"Mimi naulizia hali yako, wewe unaulizia maharagwe."

"Maharagwe hayajawahi kunidanganya."

"Basi nitayaleta mwenyewe. Nivae nini?"

"Vaa hilo koti lako la vumbi. Ukija umependeza, Shirleen atakunyakua."

"Mwambie sitaki kunyakuliwa. Mimi nimeshapimwa na kufungwa," alisema Mulongo, na Nzisa akageukia jiko ili Shirleen asimwone akitabasamu.

Jumapili moja ya Februari Mulongo alimtembelea chumbani kwake, ghorofa ya nne, Kayole. Nzisa alikuwa amevaa gauni la manjano na nywele zake zilikuwa zimesukwa upya. Walikaa barazani, chini ya kamba zilizojaa nguo za wapangaji, sinia la maharagwe katikati yao, wakichambua pamoja. Mulongo aliokota haragwe lenye doa dogo, akataka kulirudisha.

"Hilo tupa," Nzisa akasema.

"Ni doa tu, mpenzi."

Nzisa alichambua mawili mengine. Halafu, macho yakiwa bado kwenye sinia, akamweleza. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, kwao Makueni, mwaka ambao chakula kilikuwa shida. Mama yake alinunua mahindi kwa mtu aliyemwamini. Yalikuwa na ukungu kidogo. Mama akayaosha, akayakausha, akasema moto huua kila kitu. "Moto hauui sumu ile," Nzisa akasema. "Macho ya mama yaligeuka rangi ya hili gauni. Tulimzika Jumanne, na kaka yangu mdogo tukamzika Ijumaa. Mimi nilikuwa nimelala kwa shangazi."

Mulongo alilichukua lile haragwe, akalitupa mbali, kisha akaendelea kuchambua, moja moja, polepole kuliko mwanzo. Jua lilipoelekea kuzama akamwambia, "Agosti nitaenda kwa wajomba zako na mbuzi watatu, kama ninyi Wakamba mnavyotaka. Utanikubali?"

"Wewe lete mbuzi kwanza," Nzisa akajibu, lakini mkono wake ulikuwa tayari ndani ya mkono wa Mulongo.

Ili apate mbuzi na nauli na nguo za kusimama nazo mbele ya wakwe, Mulongo alitia kila alichokuwa nacho katika magunia thelathini ya mahindi makavu, ayauze bei ikipanda. Aliyapanga katika stoo nyuma ya soko. Kisha Aprili ikaja na mvua ambayo watu wa mitaa ile hawajaisahau. Mitaro ilifurika, vyoo vikatapika, watu wakapandisha magodoro juu ya paa.

"Stoo iko salama?" Nzisa aliuliza kwenye simu.

"Iko salama, usijali," Mulongo akajibu. Alikuwa amesimama ndani ya maji yaliyomfika magotini alipokuwa akilisema hilo.

Siku ya tisa baada ya simu ile Nzisa alimwendea bila kumpa taarifa. Alikuwa amembebea chakula, maana sauti yake kwenye simu ilikuwa imekauka. Nyuma ya soko aliona maturubai matatu yametandazwa, na juu yake mahindi, mahindi, mahindi. Harufu ilimpokea kabla hajafika. Aliinama, akachota. Punje zilikuwa zimeota vumbi la kijani.

Mulongo alikuwa upande wa pili, ameshika gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, akimpimia mama mmoja wa makamo aliyejitanda shungi jeusi. Kopo moja. Kopo la pili. Mama akafungua mfuko zaidi.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nzisa hakuona unyasi, alimwona nyoka mwenyewe.

"Hayo yanaenda wapi?" akauliza. Sauti yake haikupanda.

Mulongo aligeuka. Gorogoro ilibaki hewani. "Nzisa. Ngoja nikueleze."

"Nakuuliza yanaenda wapi."

"Yameanikwa siku tano. Yale mabaya nimeyatoa."

"Hata yule aliyemuuzia mama yangu aliyatoa mabaya." Aliweka chakula chini, juu ya turubai, akaondoka.

Simu ilianza kulia kabla hajafika barabarani. Akaizuia namba. Jioni ile, mbele ya wanawake watano wapishi wanaonunua nafaka kama yeye, akasema, "Kwa Mulongo msinunue. Anauza ukungu." Alilisema mara moja tu. Habari ikatembea yenyewe, na wiki haikwisha kabla kibanda cha Mulongo hakijawa mahali pa watu kupita wakitazama kando.

Kwa wiki sita Nzisa alipika bila kuonja. Wateja walimwambia githeri imepungua chumvi, kesho yake wakamwambia imezidi. Shirleen akawa anaweka chumvi mwenyewe, bila kuuliza.

Jumamosi moja mwanzoni mwa Juni, akiwa ameinamia magunia ya muuzaji mwingine, aliguswa begani. Alikuwa yule mama wa shungi.

"Wewe ndiye binti wa siku ile," mama akasema. "Mimi naitwa Ambaro. Nina chekechea pale mtaani, watoto arubaini na wawili. Yale mahindi yalikuwa ya unga wa uji wao."

Nzisa aliziachia punje alizokuwa ameshika. "Waliugua?"

"Hawakuyagusa. Ulipokata kona nami nikaondoka na mfuko wangu, yule kijana akanikimbilia, hana viatu, akanirudishia pesa zangu, akautwaa mfuko mkononi mwangu. Halafu akayabeba yote hadi shimo la taka, gunia kwa gunia, akayamwagia mafuta taa, akayachoma, mtu asije akayaokota. Nilisimama nikamtazama. Alikuwa akilia kama mtoto. Nilikuja kujua kwamba watu walimsusia alipokuwa ameshaondoka."

Nzisa alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda. Palikuwa na mwanamke anayeuza beseni za plastiki. Pale pale, kati ya beseni, akaifungua namba aliyoizuia, akapiga.

"Hallo," ikasema sauti.

"Mulongo. Uko wapi?"

"Niko Industrial Area. Nabeba magunia kwenye ghala la sukari. Kutoka hapa naliona gari lako."

"Unaliona kila siku?"

"Kila siku. Huwa nakula kwingine."

Walikutana Jumatatu, saa ya chakula, kwenye ukuta wa ghala ambapo vibarua hukaa. Mulongo alikuwa amepungua, mifupa ya shingo imechomoza, fulana ya kazi inamning'inia kama iko kwenye kamba.

"Nimemwona Ambaro," Nzisa akaanza. "Nilikuchafulia jina bila kukuuliza. Naomba unisamehe, Mulongo."

"Usiniombe msamaha."

"Uliyamwaga yote siku ile ile. Mimi niliwaambia watu unauza."

"Nilikuwa nauza." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Ambaro alikueleza nilivyomkimbilia. Hakukueleza kwamba nilimpimia kopo mbili bila mkono kutetemeka. Nilijua, Nzisa. Ulikuwa umeshaniambia habari za mama yako. Nilijua, nikajiambia pengine hayana sumu, nikajiambia Agosti iko karibu. Usingetokea, ningempimia mfuko mzima, na mwingine, na mwingine."

"Ilikuwa kwa ajili ya mbuzi," Nzisa akanong'ona.

"Ilikuwa kwa ajili yako. Ndiyo maana ni mbaya zaidi."

Kengele ya ghala ililia. Hakuna aliyesimama. Nzisa alilia pale ukutani, na hakujua analia kwa ajili ya mama yake, au ya watoto arubaini na wawili, au ya mtu huyu aliyekaa naye bega kwa bega na ambaye bado anampenda.

Jumamosi iliyofuata alimshika mkono akampeleka sokoni. Alisimama mbele ya wale wapishi watano na wauzaji wenzake, akasema, "Huyu aliharibikiwa na magunia thelathini akayachoma, asimlishe mtu sumu. Mimi ndiye niliyesema anauza. Nilisema kabla sijauliza." Mulongo akafungua kinywa kuongeza lake, Nzisa akaubana mkono wake. Mzee mmoja wa viazi alitikisa kichwa, wanawake wakatazama chini, mmoja akasema, "Basi arudi." Lakini kibanda kilikuwa kimeshapata mwenyewe mwingine, na mtaji ulikuwa majivu.

"Kaa," Nzisa alimwambia walipokuwa wakitoka. "Tutafanya kazi pamoja kwenye gari. Tutaanza na kidogo."

"Nikikaa utaninusa kila siku, Nzisa, kama unavyonusa mahindi. Hutapenda kufanya hivyo, na utafanya."

Alitaka kukataa. Akatafuta neno moja la kweli la kukataa nalo, hakulipata.

"Baba ana ekari mbili, mgongo umemshinda," Mulongo akasema. "Nitalima. Acha kwanza niishi na mimi mwenyewe, nione kama tunaelewana."

Akaondoka Jumatano, basi la saa moja asubuhi. Nzisa alimsindikiza hadi stendi, amevaa koti la mvua na viatu vya kazi kwa kuwa alitakiwa kuwahi jikoni. Hawakukumbatiana kwa muda mrefu. Mulongo alimfunga kifungo cha juu cha koti, akasema, "Baridi ya Juni haina huruma," akapanda.

Saa sita mchana foleni ilikuwa ndefu mbele ya gari la chakula na manyunyu yalikuwa yameanza. Simu ikalia. Nzisa akamkabidhi Shirleen upawa, akashuka, akasimama nyuma ya gari, kwenye moshi.

"Umefika wapi?"

"Tumepita Nakuru. Kuna ukungu, sioni kitu nje."

"Umekula?"

"Bado."

"Kula, Mulongo."

"Nitakula." Akasita. "Nikuulize kitu, kuhusu Agosti?"

"Uliza."

Hakuuliza. Alisikika akivuta pumzi, na nyuma yake mngurumo wa basi linalopanda mlima, na mtoto wa abiria fulani akilia. Nzisa naye hakumhimiza. Aliibana simu sikioni kwa mikono miwili, huku Shirleen akimwita kutoka ndani na vibarua wakigonga sahani zao kwa vijiko. Wakabaki hivyo, kila mmoja akimsikiliza mwenzake akipumua, mpaka salio la Mulongo likaisha na laini ikakatika.