Uboho wa Mara ya Pili

Mama Mkasi alikuwa fundi cherehani, na fundi cherehani haibiwi kitambaa. Miaka yote aliwaambia wateja, "Kitambaa hakikutosha," kisha mabaki akawashonea watoto wake magauni. Kwa hiyo hospitali ilipompigia mumewe simu kwamba uboho hautoshi, aje watoe mwingine, aliweka kazi chini.

"Mchezo huo naujua," alisema. "Wanauuza."

Mumewe, fundi wa kuezeka, alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa. Mfupa wa chini ya goti ulisagika, kipande kikaoza, kikatolewa. Madaktari walimweleza njia mbili: akatwe mguu, au ajaribu mfupa uliokuzwa maabara kwa seli zake mwenyewe. Alichagua ya pili. Wakamchota uboho, ule ute wa ndani ya mfupa, kwenye nyonga. Sasa walitaka tena, naye alikuwa tayari kurudi siku ileile. Mkewe alisema haendi mtu mpaka aone kwa macho yake ule wa kwanza umekwenda wapi.

Wakaenda wote, yeye mbele, mume nyuma kwa magongo.

Mtaalamu wa maabara, dada mmoja mpole, hakukasirika. Alimketisha mbele ya hadubini. Mama Mkasi alichungulia kwanza chini ya meza kutafuta kilichofichwa, ndipo akatazama ndani ya hadubini. Aliona duara: pembeni kijani, katikati nyekundu.

"Hicho ndicho kipande tulichokuza kwa uboho wa baba," alisema dada. "Tumezitia rangi: kijani ni seli zilizo hai. Nyekundu zimekufa."

"Mmeziua kwa nini?"

"Zimekufa njaa, mama. Mfupa nao una uhai, chakula chake huletwa na damu. Seli za pembeni zilikula kutoka kwenye maji tuliyoziwekea. Za katikati hazikufikiwa, maana hakukuwa na mishipa ya damu. Inabidi tuanze upya, na uboho uliobaki hautoshi."

Akaendelea kueleza taratibu. Ndani ya uboho mna seli shina, ambazo bado hazijachagua kazi. Safari hii nyingine zingeelekezwa kujenga mfupa, nyingine kujenga mishipa midogo ya damu, vikue pamoja. Kipande kikishapandikizwa, inatarajiwa mishipa hiyo iungane na ile ya mguu.

"Na mabaki?"

"Yanateketezwa. Tukitaka kuyachunguza, tunamwomba baba. Akikataa, basi."

"Atatembea?"

"Sijui, mama. Tiba hii bado inajaribiwa. Huenda ikashindikana."

Mama Mkasi, ambaye kila mteja humwahidi nguo kesho, alimtazama dada usoni. Tapeli angesema ndiyo, aliwaza. Moyo ukamtulia kidogo, si wote. Akamwambia mumewe apande kitandani.

"Na mimi niulizwe kama nataka," alisema mume.

"Unataka?"

"Nataka."

Mwaka uliofuata, baada ya kupandikizwa kipande kipya, picha zilionyesha mfupa umeshika na damu inapita mpaka katikati. Hospitalini, mbele ya daktari, mume aliegemeza magongo ukutani, akatembea kutoka kitandani hadi mlangoni. Mama Mkasi alitazama mguu, akatazama magongo, akamtazama daktari.

"Rudia," alimwambia mumewe.