Tita Asiye na Mkono

Kila jioni Analyn aliiegemeza simu kwenye birika, mbele ya sahani ya nne. Hivyo ndivyo mama yake alivyokula nao. Mama alikuwa mfanyakazi wa ndani Hong Kong, na wakati Analyn, mdogo wake Jepoy na Bibi Pacing wakila wali na samaki wakavu hapa nyumbani Iloilo, yeye alikula chakula chake jikoni kwa tajiri wake. Hawakuwa na mengi ya kuongea. Wote walikuwa wamechoka, lakini walikula pamoja.

Siku hiyo Analyn alirudi kutoka shuleni, akachota maji, akafua sare, akamwogesha Jepoy aliyekuwa akilia bila sababu. Alikuwa anaosha mchele ujumbe ulipoingia.

"Hujambo mwanangu. Mimi Tita Weng, nafanya kazi na mama yako. Simu yake imeharibika, atakupigia kwa yangu. Utapokea namba sita, nitumie upesi. Usimsumbue bibi, amechoka."

Kwetu kila rafiki wa mama ni Tita, yaani shangazi, na mtoto hamwambii Tita angoje. Ukimkuta, unaushika mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso wako, akikutuma, unakwenda. Isitoshe, Bibi alikuwa amechoka kweli. Analyn alifuta mikono kwenye sketi, na namba zilipoingia akazituma.

Papo hapo akaunti yake ya ujumbe ikafungwa. Aliandika nywila, ikakataliwa. Akarudia, ikakataliwa tena.

Mara Gemma, binti wa jirani, akaja mbio na simu yake mkononi. "We Analyn! Bibi yako kalazwa lini? Unaniandikia unaomba hela ya hospitali, na mimi nimemwona sasa hivi anafagia uwanja!"

Analyn aliusoma ujumbe ule kwenye simu ya Gemma. Kama Gemma ameandikiwa, basi na Mama ameandikiwa. Angeweza kunyamaza, aseme mtandao ni mbovu. Aliogopa sana, lakini alimfikiria Mama peke yake kule, akaenda uwanjani.

"Bibi, nimefanya ujinga."

Bibi Pacing aliweka ufagio chini, akakaa polepole kwenye benchi. "Sema. Sina nguvu za kukugombeza, kwa hiyo sema yote."

Analyn alisema yote. Bibi akanyoosha mkono kwa Gemma. "Lete simu yako. Tumpigie kwa namba yake ya kawaida, hii ya siku zote."

Simu iliita mpaka ikakatika. Ya pili ikapokelewa, na Mama alikuwa analia. "Nani? Niko kwenye foleni natuma pesa! Mama yangu yuko wodi gani?"

"Niko wodi ya jikoni," Bibi akamjibu, "na wali wenyewe bado haujapikwa. Hebu toka kwenye foleni hiyo."

Kesho yake Mwalimu Delfin wa shuleni kwa Analyn aliwasaidia kuirudisha akaunti, akaiwekea ulinzi wa pili, na Analyn akawaandikia ndugu wote kuwaonya. "Zile namba sita ni ufunguo wa nyumba yenu," Mwalimu alimwambia. "Hata mimi mwalimu wako nikikuomba, ninyime."

Jioni, Bibi alipakua wali, kisha akaweka mwiko chini.

"Sikukosea kukufundisha heshima," alisema. "Lakini mkubwa ambaye mkono wake huwezi kuushika, muulize kwanza ni nani. Mkubwa wa kweli hakasiriki. Na anayekwambia usimsumbue bibi, huyo ndiye wa kunisumbua kwa ajili yake. Nikiwa nimechoka, njoo. Nikiwa nimelala, niamshe."

"Ndiyo, Bibi."

Simu ikaita. Picha iligoma kutokea, ikaja sauti tu, yenye mikwaruzo. "Analyn, mwanangu, mmeshaanza kula?"

Analyn alimtazama Bibi. Bibi akatikisa kichwa kukubali.

"Samahani, Mama. Ulipoondoka, ulibeba nini cha Jepoy?"

Sauti ikajibu taratibu, "Kandambili yake moja. Nalala nayo chini ya mto wangu."

Analyn aliiegemeza simu kwenye birika, akasogeza sahani ya nne.

"Karibu ule, Mama."