Sabuni Kwenye Banda la Tulia

Usafi wa Mwanaamina ulijulikana kijiji kizima cha Soga. Majirani walimtania kwamba kwake hata kuku hufuta miguu kabla ya kuingia uani. Alfajiri alifagia uwanja. Kisha aliosha banda la ng'ombe. Mikono ikishatakata, ndipo alikaanga maandazi aliyoyaumua tangu jana yake. Jua likichomoza, wateja walikuwa tayari wako mlangoni.

Ng'ombe wake aliitwa Tulia. Alikuwa ng'ombe wa maziwa, mweusi mwenye mabaka meupe, na alilishwa bandani. Mumewe, mzee Mwinyimadi, alimkatia majani kila siku. Maziwa mengine waliuza, mengine wajukuu walikunywa. Mavi yake, naam, tuyataje kwa jina lake, yaliingia kwenye mtambo uliochimbwa nyuma ya nyumba. Humo shimoni yalitoa gesi, na gesi ilipita kwenye bomba hadi jikoni. Tope lililobaki lilitokea upande wa pili, nao wakalitia kwenye mihogo. Mihogo ilinenepa mpaka wapita njia wakawa wanachungulia shamba!

Kwa miezi miwili Mwanaamina alipika bila kuni, bila mkaa, bila moshi. Macho yaliacha kumuwasha. Kikohozi kilikwisha. Raha aliyokuwa nayo, we acha tu, mpaka alikuwa akiimba jikoni.

Halafu moto ukaanza kusinyaa. Kila siku ulikuwa mdogo kuliko jana. Jumanne moja akafungua koki, akawasha njiti ya kiberiti. Kimya. Akawasha ya pili. Kimya. Ya tatu ikamuunguza kidole.

"Yarabi! Moto wangu umekwenda wapi?"

Mwinyimadi aliingia na mzigo wa majani begani. Akautupa chini.

"Mama Nuria, mimi nimechoka," alisema. "Huyu ng'ombe mavi yake hayana nguvu."

"Mavi yana nguvu gani tena, Baba Nuria?"

"Ya Stellamaris hapo jirani yanawaka. Yetu hayawaki. Mgongo wangu unakatika kwa kubeba majani, na wewe unarudi kwenye kuni! Nimeshaongea na Matano wa Kibuta. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja na gari kumchukua."

"Anampeleka wapi?"

"Matano ni mchinjaji. Unadhani anampeleka harusini?"

Mwanaamina alikwenda bandani. Tulia alimlamba mkono kwa ulimi wake wa kukwaruza, kama kawaida yake. Hapo Mwanaamina akachukua simu, akampigia Elinipa, fundi wa Kibaha aliyewajengea mtambo.

"Mwanangu, njoo! Njoo hata kwa kukimbia!"

Elinipa alifika mchana na pikipiki yake, ovaroli limejaa vumbi.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Pita huku nyuma."

Elinipa alikagua bomba. Zima. Alikagua koki. Nzima. Akainama kwenye shimo la kuingizia mavi, akanusa. Akanusa tena.

"Mama," alisema, "mbona mavi yenu yananukia maua ya waridi?"

Mwinyimadi naye akainama kunusa. "Kweli! Yananukia kama bibi harusi!"

Mwanaamina alianza kupanga ndoo zilizokuwa zimepangwa tayari. Uso ulimwaka kwa haya. Angeweza kusema hajui. Lakini alimwona Tulia anatafuna majani yake bila habari ya Matano wala gari lake. Akaona bora aibu.

"Ni mimi," alisema. "Kuna kijana mmoja wa bodaboda alinicheka mbele ya wateja. Alisema, 'Mama, haya maandazi ya mavi?' Niliumia sana! Nikasema, kama chakula changu kinapikwa kwa gesi ya mavi, basi angalau mavi yenyewe yawe safi. Tangu siku ile naliosha banda pamoja na mavi yake kwa sabuni ya unga. Na dawa ya choo kidogo."

"Kidogo kiasi gani?" aliuliza Elinipa.

"Chupa."

"Kwa mwezi?"

"Kwa wiki."

Mwinyimadi alishika kichwa. Kisha kicheko kikamtoka, akacheka mpaka akashikilia nguzo ya banda. "Mke wangu anafua mavi! Jamani, Mama Nuria!"

"Cheka tu," alisema Mwanaamina, naye machozi yanamlengalenga. "Ila mwanangu, niambie. Sabuni imeharibu nini? Sabuni si inatakatisha?"

Elinipa aliketi kwenye ndoo. "Mama, maandazi yako unayaumua kwa kitu gani?"

"Kwa hamira."

"Na ukitia hamira kwenye maji ya sabuni?"

"Astaghafirullah! Inakufa. Unga hauumuki hata uusubiri mwaka mzima."

"Basi. Mle shimoni mna vijidudu vidogo sana, macho hayavioni. Vinakula mavi na kutoa gesi. Ndiyo hamira ya mtambo wako. Sabuni na dawa ya choo vimeviua."

Mwanaamina alijipiga paja. Hamira! Kumbe kitu chenyewe anakijua tangu utoto!

"Sasa mbona hukuniambia hivyo siku ile unajenga?"

"Kosa langu, mama. Nilisema, 'Msitie kemikali.' Sikuitaja sabuni."

"Sabuni ni sabuni, mwanangu. Kemikali si za kiwandani?"

"Tutie hamira mpya," alisema Elinipa. "Mtambo wa Stellamaris uko hai. Tutaomba tope lake. Tukiwahi leo, huenda siku kumi zikatosha."

Mwanaamina alihesabu kwa vidole. Siku kumi kutoka kesho ilikuwa Jumamosi ya Matano. "Baba Nuria, nipe mpaka siku hiyo. Moto ukiwaka, Tulia habanduki hapa."

"Usipowaka?"

"Nitamfungua kamba mimi mwenyewe."

Basi kazi ikaanza! Walichota tope lililoingiwa na sabuni, wakalimwaga kwenye shimo walilochimba mbali na kisima. Stellamaris aliwapa ndoo kumi na tano za tope lake, na akabeba mbili yeye mwenyewe, ingawa alikuwa bado na nguo za ofisini. Walilimimina mtamboni. Elinipa akawaachia maagizo.

"Kila asubuhi, ndoo moja ya mavi mabichi na ndoo moja ya maji. Korogeni vizuri, toeni majani na mawe. Banda lioshwe kwa maji matupu na fagio gumu, na litang'aa tu. Tulia akichomwa sindano ya dawa, mavi ya siku zile yasiingie humu, maana dawa nayo huua vijidudu. Na gesi ya mwanzo haiwaki vizuri. Siku ya sita ifungulieni nje, mbali na moto wowote, kisha fungeni tena."

Mwanaamina alikoroga kila asubuhi, kitambaa kimefungwa puani. Siku ya nne, kimya. Siku ya sita walifungulia bomba nje, likatoa pumzi, fyuuu! Ijumaa alijaribu jikoni. Mwali mdogo wa buluu uliruka, ukazimika.

"Umeuona?" alipiga kelele. "Baba Nuria, umeuona?"

"Nimeuona ukizimika," alisema Mwinyimadi. Hata hivyo jioni hiyo alileta mizigo miwili ya majani badala ya mmoja.

Jumamosi asubuhi, honi ililia barabarani. Gari la Matano! Mwanaamina alikimbilia jikoni. Alifungua koki, akawasha njiti.

Puu! Moto ukadaka. Wa buluu, wa duara zima, umesimama imara.

"Unawaka! Jamani unawaka!"

Aliteleka karai la mafuta. Mwinyimadi alikuja mbio, akautazama moto, kisha akarudi nje kumzuia Matano asifike bandani. Kijana wa bodaboda naye alikuwa mlangoni na wateja wengine. Mwanaamina alitoka na sinia la maandazi ya moto, akasema kwa sauti wote wasikie.

"Haya yamepikwa kwa mavi ya Tulia! Anayetaka ale, asiyetaka apishe njia!"

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa yule yule wa bodaboda. Matano alikula manne akiwa amesimama.

"Ng'ombe hauzwi, bwana," Mwinyimadi alimwambia. "Nisamehe kwa safari."

Matano alikuwa amechungulia jikoni, anautazama ule moto.

"Hata sisi Kibuta tunao mtambo kama huu," alisema taratibu. "Umelala karibu mwaka. Tuliambiwa ng'ombe wetu ndio wabovu. Wawili nimeshawachinja."

Mwanaamina aliweka sinia chini. "Banda mnaliosha kwa kitu gani?"

"Ah, mke wangu hana mchezo na usafi. Sabuni ya povu, kila siku."

Mwanaamina na Mwinyimadi walitazamana. Kisha Mwanaamina akaenda mwenyewe kuchota tope mtamboni. Alipomaliza kumweleza Matano habari ya hamira, ndoo kumi na tano za tope, zenye vifuniko, zilikuwa zimepangwa garini, pale pale ambapo Tulia angesimama. Gari likaondoka kuelekea Kibuta. Mwanaamina alilifuata hadi barabarani, upawa wa maandazi mkononi, anapiga kelele.

"Na mkeo mwambie, sabuni ni ya nguo!"