Maziwa Niliyompa Mtoto wa Ndovu

Kiangazi kile, kazi yangu ya mwisho kila jioni ilikuwa kufunika kisima kwa matawi ya miiba.

Kisima chetu kiko ndani ya laga, yaani mto wa mchanga. Wakati wa ukame mto hauna maji juu. Maji yako chini ya mchanga, na wanaume huchimba mpaka wayafikie. Kisha husimama ndani, mmoja chini, mwingine juu yake, wakipokezana ndoo na kuimba. Ng'ombe wa kila boma wanaujua wimbo wa mwenyewe. Wakiusikia wanakuja, na wale wa jirani wanabaki wakingoja wa kwao.

Mwaka ule mume wangu, Leparsanti, alichimba kisima chembamba chenye kuta zilizosimama wima. Marehemu baba yake alikuwa akichimba kwa mteremko upande mmoja. Leparsanti aliona mteremko ni kujichosha.

"Nichimbe barabara ya nani?" alisema. "Mimi nataka maji. Sina arusi ya kupitisha hapa."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka.

Aliacha na jambo lingine. Baba yake hakuwa akiondoka kisimani kabla ya kuacha maji kidogo kwenye hori la udongo, hatua kadhaa kutoka kisimani, kwa ajili ya wanyama wa porini. Mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Kokoo, yaani bibi, alimkumbusha mwanawe kila siku.

"Wenzetu wa porini umewaachia nini?"

"Yeyo, mama yangu, maji hayatoshi hata ndama."

"Hayajawahi kutosha. Baba yako aliacha."

Basi jioni moja mbuzi wangu wawili walipotea. Niliwatafuta hadi jua likazama. Niliporudi nilipita kando ya kisima, nikaona miiba iko pembeni. Nilikuwa nimechoka. Nikajiambia, nitafunika kesho.

Asubuhi tulikwenda kuteka maji, mimi na binti yangu Naanyu. Alikuwa darasa la mwisho la shule ya msingi. Punda alikataa kusogea. Naanyu akatangulia, akachungulia kisimani.

"Mama," alisema polepole, "kuna mtoto humu."

Nilidhani ni mtoto wa mtu. Nilipochungulia nikaona mtoto wa ndovu, mdogo sana, hajafika kifuani kwangu. Alikuwa amekaa kwenye matope, mkonga wake juu ya ukuta, akitafuta pa kushika. Ng'ambo ya laga, chini ya migunga, walisimama ndovu wakubwa watatu. Mmoja alikuwa na mchanga hadi magotini. Alikuwa amechimba mdomo wa kisima kwa miguu yake, na mchanga ulikuwa umemwangukia mwanawe.

Leparsanti alikuja na vijana watatu morani. Akaja pia jirani yetu Lekalgitele, mtu asiyepitwa na habari.

"Tuwaite askari wa hifadhi," nilisema.

"Waite," Lekalgitele akasema, "halafu muage kisima chenu. Wakikuta mtoto wa ndovu ndani, wanakifukia. Kule kwa wakwe zangu walifukia."

"Uliona kwa macho?" Kokoo akamuuliza.

"Nilisikia."

"Hata mimi nimesikia fisi anafuga mbuzi."

Lakini Leparsanti hakucheka. Kisima kile ndicho kilikuwa uhai wa ng'ombe wetu kumi na mmoja. Alinitazama, nami sikusema neno lingine.

Tulipiga madebe na kupiga kelele mpaka ndovu wale wakubwa wakarudi nyuma, wakaingia vichakani. Morani wakashuka, wakapitisha kamba chini ya tumbo la mtoto, wakamvuta. Mama yake alilia kutoka mbali. Nimezaa watoto wanne, na sauti ile niliielewa. Nikajifanya sikuielewa.

Mtoto alitoka akitetemeka. Akamfuata Naanyu, akaanza kunyonya pindo la shuka lake.

"Mpelekeni nyumbani," Leparsanti alisema. "Askari wakipita wasimwone hapa. Jioni tutamrudisha."

Kwetu anayefika nyumbani amechoka haulizwi maswali kwanza. Anapewa maziwa. Na wazee husema hapo zamani ndovu aliishi na sisi bomani, akimsaidia mama kazi, mpaka mama alipomgombeza kuhusu kuni, akaondoka kwa hasira. Kokoo alimtazama yule mtoto, akasema, "Huyu amerudi nyumbani. Safari hii tumtunze."

Nilichukua kibuyu changu kizuri, kile chenye shanga. Nilikamua ng'ombe mweupe, ambaye maziwa yake ni mazito kuliko ya wote. Nikamtia mtoto kidole kinywani, nikamiminia. Alikunywa. Naanyu alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama, angalia, ana njaa kama Lekalgitele."

Adhuhuri nilimpa tena. Watoto wangu walikunywa chai ya rangi siku ile ili mgeni ashibe. Nilijiona mtu mwema.

Jioni Leparsanti alirudi akasema gari la askari limepita karibu na laga, tungoje kesho. Usiku mtoto alianza kuharisha. Asubuhi ya siku ya pili macho yake yalikuwa yamezama. Mtoto wa mtu akidhoofika, mama hufanya nini? Humlisha. Nikampa maziwa mengine. Akazidi kuharisha. Nikampa mengine.

"Mama, tumwite Ntipiyon," Naanyu aliniambia.

Ntipiyon ni binti wa ukoo wetu. Alisoma kwa msaada wa mfuko wa jamii, sasa ni askari wa hifadhi.

"Baba yako amekataa."

"Wewe je, umesema nini?"

Nilishika kibuyu.

Siku ya tatu nilipoamka Naanyu hakuwepo. Alikuwa ametembea peke yake hadi kambi ya askari, katika njia yenye simba. Saa nne tulisikia pikipiki. Ntipiyon alishuka na Naanyu nyuma yake, akapiga magoti kando ya mtoto, akamvuta ngozi ya shingo kwa vidole. Ngozi haikurudi mahali pake.

"Mama Naanyu, umempa nini?"

"Maziwa tu. Ya ng'ombe mweupe. Mazuri."

Alifumba macho kidogo. Kisha akapiga simu kwa daktari wa wanyama, akaongea kwa sauti ya chini. Alipomaliza akaniambia, "Yuko njiani, ila ni mbali."

"Kosa langu ni nini?"

"Tumbo la ndovu si tumbo la ndama, mama. Mafuta ya maziwa ya ng'ombe haliyawezi. Yanamharisha mpaka maji yote ya mwilini yanaisha. Na sisi tukimwona dhaifu tunamwongezea. Kumbe tunaongeza ugonjwa."

"Hakuna aliyeniambia."

"Tulifanya mkutano wa akina mama mwezi wa kwanza, pale zahanati. Hukuja?"

Nilikuja. Nilikaa nyuma na shemeji yangu, tukazungumza habari za mahari ya dada yake. Niliona picha ya ndovu imeinuliwa mbele, nikasema, hawa wanapenda wanyama kuliko watu. Tulicheka, tukanywa chai, tukaenda zetu.

Mtoto wa ndovu alikufa kabla ya daktari kufika. Mkonga wake ulikuwa mapajani mwa Naanyu. Naanyu hakulia. Aliniangalia tu.

Leparsanti akasema, "Sasa mfukie hicho kisima, mmalize."

"Nani alisema tunafukia?" Ntipiyon aliuliza.

Sote tukamgeukia Lekalgitele. Yeye alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Apaiya," Ntipiyon alimwambia mume wangu kwa heshima, "hifadhi ni ya nani? Kamati mmechagua nyinyi. Mwenyekiti ni wa rika lako. Nani atafukia kisima chako, huku mifugo yake inakunywa kwenye kisima cha jirani yako? Mngeniita, ningekuja na watu na majembe. Tungekata ukuta upande mmoja, mtoto apande mwenyewe. Halafu sote tuondoke, tukae mbali, kimya."

"Tukae tukingoja nini?"

"Mama yake."

Leparsanti akageuka kuelekea kisimani.

"Alikuja," Ntipiyon aliendelea. "Nimepita kisimani nikitoka huko, nimeona nyayo zake. Alikuja juzi jioni. Akaja tena jana alfajiri. Amezunguka kisima mpaka ametengeneza njia. Leo hakuja."

Nilimtazama Leparsanti. Alikuwa ameteka maji pale siku zote mbili. Nyayo zile alikuwa ameziona, na hakuniambia.

"Na wale wageni kwenye mahema kule mtoni," Ntipiyon akasema, "wanakuja kumwona nani? Si mbuzi wa Lekalgitele. Wanakuja kwa ajili ya ndovu. Wakilala pale, sehemu ya malipo inaingia mfuko wa jamii. Mfuko ndio ulionisomesha. Ndio uliojenga zahanati, ndio unaomlipa mkunga. Ndovu wakiona hapa wanafukuzwa kwa madebe, watahama. Wakihama, wageni watawafuata."

Kisha akanigeukia, bila ukali. "Mama, kitindamimba wako ulijifungulia wapi?"

Alijua. Kila mtu alijua. Nilijifungulia zahanati, nikatokwa na damu mpaka nikaacha kuona watu. Mkunga yule alinishika mkono akanirudisha. Sikuwahi kujiuliza nani amemleta mahali pakavu kama petu. Nilidhani zahanati inaota yenyewe kama mgunga.

Sasa nilijua. Ndovu yule aliyesimama na mchanga magotini alikuwa amechangia uhai wangu na wa mwanangu. Na mimi nimemfukuza kwa debe, nikamuua mwanawe kwa kibuyu chenye shanga.

Kesho yake Leparsanti alichukua jembe, akaanza kukata mteremko. Hakumwita mtu. Adhuhuri Kokoo alimpelekea chai, akakaa ukingoni akimtazama.

"Barabara ya nani hiyo?" alimuuliza.

"Nyamaza, yeyo."

"Nanyamaza. Chimba pana."

Siku ya tatu morani walikuja kumsaidia, na baada ya wiki visima vyote vya laga yetu vilikuwa na mteremko. Hori la marehemu mzee tulilikandika upya, na kila jioni tunaliachia maji kabla ya kuondoka. Tuliogopa yatapungua. Hayakupungua kuliko zamani, kwa sababu ndovu akikuta maji kwenye hori haji kubomoa kisima. Naanyu aliiandika namba ya Ntipiyon kwa makaa kwenye mfuniko wa debe, tukautundika mlangoni. Ni mfuniko wa lile debe tulilopiga. Miiba naiweka mimi mwenyewe. Hata nikichoka vipi, siendi nyumbani kabla ya kuiweka.

Naanyu alikaa siku nyingi akinijibu neno moja moja tu. Nilistahili.

Kiangazi kilichofuata alikuwa nyumbani kwa likizo, kidato cha kwanza, ada ikilipwa na mfuko uleule. Asubuhi moja Lekalgitele alikuja mbio, shuka begani linaburutika.

"Mama Naanyu, nipe ile namba. Kuna mmoja kisimani kwangu. Ile mvua moja ya ghafla ya juzi imebomoa mteremko."

"Mmempigia mama yake kelele?"

"Wewe unanionaje? Nimewatoa watu wote pale. Hata mbwa nimemfunga."

Naanyu alipiga simu. Mimi nilikimbia lagani, nikamkuta mke wa Lekalgitele anakuja na kibuyu. Nilikishika kwa mikono miwili, naye akaning'ang'ania.

"Ana njaa, dada," alisema. "Huna huruma?"

"Ninayo. Ndiyo iliyoua wa kwangu."

Akakiachia.

Ntipiyon alifika na watu sita na majembe. Walikata ukuta upande mmoja kimyakimya. Mtoto aliteleza mara mbili, akapanda. Kisha sote tukaondoka, tukakaa nyuma ya mawe, upepo ukitupiga usoni ili harufu yetu isimfikie mama. Tulingoja mpaka jua likawa utosini. Lekalgitele alitaka kusema kitu, Kokoo akamwonyesha fimbo.

Mama alitoka vichakani. Hakukimbia. Alikuja hadi kwa mwanawe, akamnusa kichwa, akamnusa mgongo, akamnusa miguu yote minne. Mtoto akaingia chini ya tumbo lake, akanyonya. Maziwa yake mwenyewe.

Watu walitabasamu. Naanyu alinishika mkono, mara ya kwanza tangu mwaka ule. Mimi nilikuwa nawaza yale maneno ya Ntipiyon, juzi jioni na jana alfajiri, na yule aliyezunguka kisima chetu mpaka akatengeneza njia.

Ewe mama, ukimkuta mtoto wa ndovu, usimpe maziwa. Usimpeleke nyumbani. Usimfukuze mama yake. Waite wanaojua, mtoe, ukae mbali. Na usiseme utafunika kesho.

Mifupa ya yule mtoto iko nyuma ya boma letu. Desturi yetu ni kwamba ukipita kwenye mifupa ya ndovu uweke tawi bichi, kama kwa ndugu. Ninapita pale kila siku nikienda kisimani. Naweka tawi. Kesho yake nalikuta limekauka, nakata lingine.