Pointi za Tiketi ya Bibi

"Basi kama si wewe, ni nani? Zimeota mbawa zikaruka zenyewe?"

"Shika adabu yako, mtoto! Mimi si mwenzako wa darasani."

Mama mdogo alisema hivyo mkono mmoja ukiwa kiunoni, kitana kimechomekwa kwenye nywele zake. Mbele yake alisimama mtoto wa dada yake, msichana wa miaka kumi na miwili, ameinua risiti juu kama askari aliyemkamata mwizi pamoja na kielelezo. Kando ya dirisha cherehani ilikuwa inanguruma kama kila Jumamosi asubuhi. Mama wa msichana huyo alikuwa fundi wa mapazia, na mapazia ya watu hayangoji ugomvi wa nyumba ya fundi uishe.

Nyumbani msichana huyo aliitwa Hakimu. Bibi yake ndiye aliyempa jina hilo tangu akiwa na miaka minne, siku alipowasimamisha watu wazima mstari mmoja akawanusa midomo, ajue nani kala ndizi yake. Tangu siku hiyo hakuacha kunusa. Kalamu ikipotea, ana mshukiwa. Chenji ikipungua, ana washukiwa wawili.

Lakini safari hii kilichopotea hakikuwa kalamu. Miaka mitatu iliyopita mama alichukua kadi ya pointi katika duka kubwa la mtaa wa pili. Ukinunua unga, mafuta ya kupikia, sabuni au dawa ya meno, keshia anapitisha kadi yako na pointi zinaingia. Pointi zikifika kiwango, shirika la ndege linakupa tiketi. Mama alikuwa hajapanda ndege maishani mwake, wala hakuwa na haja. Tiketi ilikuwa ya Bibi.

Bibi aliishi mbali, safari ya siku mbili kwa basi, na nyonga yake haikuweza tena kukaa kitini siku mbili. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho. Hospitali ya mjini hapa ilikuwa imempangia upasuaji wiki ijayo, siku ya Alhamisi, na daktari alisema wazi: akiikosa nafasi hiyo atangoja mwaka mzima, na jicho la kushoto halina mwaka wa kungoja.

Tiketi ya kwenda na kurudi ilitaka pointi elfu kumi na mbili. Ijumaa ya wiki iliyopita, risiti ilionyesha chini kabisa: salio, pointi 11,850. Mama alipiga kigelegele akiwa na pini mdomoni, nusura aimeze. Ijumaa ya jana, Hakimu alitumwa sabuni. Risiti ikasema: salio, pointi 9,640.

Usiku mzima, akilini mwake, Hakimu aliendesha kesi. Ushahidi ulikuwa mwingi. Kwanza, kadi hushikwa na watu watatu tu: mama, yeye, na mama mdogo. Pili, risiti zote za nyumbani huwekwa kwenye kopo la biskuti, lakini risiti za mama mdogo za Jumamosi hazimo, hata moja. Tatu, na hili ndilo lililomkosesha usingizi, Jumamosi iliyopita alimwona mama mdogo kwa macho yake akitoka dukani na mifuko miwili. Nyumbani alifika na mmoja.

Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza Hakimu. Mwalimu aliifundisha methali hiyo wiki ileile, kana kwamba alijua.

"Mfuko wa pili ulikwenda wapi?" aliuliza sasa.

"Ulikwenda nilikoupeleka."

"Na risiti?"

"Dada!" Mama mdogo aligeukia cherehani. "Mwambie mwanao aniondolee mahakama yake hapa. Nachelewa kazini saluni."

"Umeona, mama? Hajibu!"

Cherehani ilinyamaza. Mama alitoa pini mdomoni, moja, mbili, tatu, akazichomeka kwenye mto wake wa pini. Mtu aliyemjua alijua kwamba pini zikitoka mdomoni, maneno yanakuja.

"Mnanipotezea mwanga wa asubuhi, nyote wawili," alisema. "Kadi ipo, duka lipo, miguu mnayo. Tunakwenda kuuliza. Nataka jibu la mtu anayejua, sitaki la mtu anayedhani. Hakimu, chukua simu yangu. Wewe mdogo wangu, twende, saluni haitahama."

Njiani Hakimu alitembea hatua mbili nyuma ya mama mdogo, macho kwenye mkoba wake. Aliuona mkono ukiingia mkobani, ukatoka na leso tu. Hata leso aliitilia shaka.

Simu ya mama ilitetemeka mkononi mwake. Kazi ya kusoma meseji ilikuwa yake, kwa kuwa mikono ya mama haikosi kitambaa. Mwaka jana jirani yao muuza maziwa alijibu meseji ya "umeshinda zawadi", matapeli wakamkomba hadi senti ya mwisho. Tangu hapo mama alimwambia Hakimu, "Takataka zote futa." Na Hakimu alifuta kwa raha zake zote. Hii nayo ilianza, "Mpendwa mteja." Hakusoma neno la tatu.

"Nani huyo?" mama aliuliza.

"Matapeli tu," Hakimu alijibu, akabonyeza kufuta.

Dawati la kadi lilikuwa nyuma ya rafu za vyombo, chini ya picha ya ndege iliyopauka kwa vumbi. Karani, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, aliingiza namba ya kadi kwenye kompyuta, akasoma, akainua uso.

"Mama, hakuna aliyeiba kitu. Pointi zenu zimekufa."

"Zimekufaje? Zilikuwa zinaumwa?" mama aliuliza.

"Pointi ina maisha ya miaka mitatu tangu siku ya manunuzi. Siku ileile mliyochukua kadi mlinunua friji hapa. Friji iliwapa pointi elfu mbili na mia nne. Jumatano wiki hii imetimiza miaka mitatu, pointi zake zikafutika."

Mama alishika ukingo wa dawati. Karani aliendelea kusoma kiooni, sauti imepoa.

"Kinachosikitisha ni kwamba Jumatatu na Jumanne mlikuwa nazo. Elfu kumi na mbili na thelathini. Mngekuja Jumanne, mngeondoka na tiketi ya kwenda na kurudi."

"Thelathini zaidi?" Hakimu alinyoosha shingo. "Si tulikuwa na elfu kumi na moja mia nane na hamsini? Nani aliongeza?"

"Jumamosi iliyopita ziliingia mia na themanini. Mafuta ya nywele, shampuu, dawa ya kulainisha nywele katoni nzima. Na kila Jumamosi naona hivyohivyo, karibu mwaka sasa."

Wote wawili walimgeukia mama mdogo. Mama mdogo alikuwa anaangalia ile picha ya ndege.

"Ni vitu vya saluni," alisema taratibu. "Zamani nilikuwa nanunua duka la karibu. Nikaona heri nitembee mpaka huku, nipitishe kadi ya Dada. Mwenye saluni nilimwambia kabla. Akanijibu, chukua pointi hizo, mimi ndege naogopa hata kuitazama. Mfuko wa vitu vyake namwachia palepale saluni, na risiti namkabidhi hata bila kuisoma, maana pesa ni yake. Ulitaka niilete kwenye kopo la biskuti?"

Mfuko wa pili. Risiti. Kesi yake yote ilikuwa imeanguka kama pazia lisilo na fimbo.

"Kwa nini hukunijibu nyumbani?" alinong'ona.

"Hukuniuliza, mwanangu. Ulinihukumu. Ukishahukumiwa unajibu nini?"

Mama hakuwa amemaliza na karani. "Binti, mbona hamkutuambia? Mtu haachiwi mali yake ikafa kimya."

"Tuliwaambia, mama. Meseji tatu mwezi huu, zote kwenye namba hii. Hata leo asubuhi tumetuma ya nne, kwa sababu Jumatatu zinakufa nyingine mia nane."

"Mimi sijaona meseji hata moja." Mama aligeuka polepole, macho yamekuwa membamba. "Mdogo wangu, Jumamosi ukienda saluni unachukua simu yangu kupigia wateja. Ni wewe uliyezifuta?"

"Mimi? Dada, sigusi meseji zako mimi!"

"Sasa zilikwenda wapi?"

Simu ilikuwa imelala mkononi mwa Hakimu, na ghafla ikawa nzito kama jiwe la kusagia. Mpendwa mteja. Alizikumbuka zote nne, na kila moja aliifuta akijisifu kwamba yeye si wa kudanganywa. Hakuna aliyemtazama. Mama alimtazama mama mdogo, mama mdogo alimtazama mama, na karani alikuwa anafuta miwani yake. Angenyamaza, shaka ingebaki pale ilipo, kwa mtu ambaye tangu asubuhi alikuwa anashukiwa. Ingekuwa rahisi mno.

Hakimu alimtazama mama mdogo, akamwona anatafuta leso mkobani.

"Ni mimi," alisema.

"Sema usikike."

"Ni mimi, mama. Nimezifuta mimi, zote. Hata ile ya njiani. Nilidhani ni matapeli, sikusoma." Machozi yalimshinda. "Mama mdogo hajafanya kitu. Mama mdogo ndiye aliyekuwa anatuongezea. Nisamehe, Mama mdogo. Bibi atakosa macho kwa sababu yangu."

Mama aligeukia tena dawati.

"Kulia utalia nyumbani, hapa tuna kazi," alisema. "Binti, nieleze: elfu tisa mia sita na arobaini zinanunua nini leo?"

"Tiketi ya kwenda tu, mama. Elfu tisa kamili. Lakini ni leo au kesho. Jumatatu zikifa zile mia nane, mtabaki na elfu nane na kitu, hazitatosha."

"Ya kwenda tu," mama mdogo alirudia. "Na kurudi?"

"Tuongeze haraka," Hakimu alisema kwa kwikwi. "Tununue vitu vingi leo, tufikishe elfu kumi na mbili!"

"Kama ile dawa ya meno uliyonishawishi ninunue kwa sababu ina pointi mara mbili? Iko chini ya kitanda mpaka leo, inatosha kupigia mswaki tembo. Hapana. Pointi ni chenji ya kile unachohitaji kununua. Ukianza kununua usichohitaji ili upate pointi, hiyo ni hasara yenye ndege juu yake." Mama alinyoosha mkono. "Nipe simu."

Alipiga palepale, akaweka sauti ya nje. Bibi alipokea baada ya kuhangaika na vitufe.

"Mama, shikamoo. Tiketi ipo, lakini ni ya kuja tu. Ya kurudi bado. Unakubali?"

Sauti kavu ya Bibi ilijaza dawati lote. "Marahaba. Nikishaona, njia ya kurudi nitaitafuta mwenyewe. Hakimu wangu yupo hapo?"

"Yupo. Ana kesi, Bibi yake. Ataisimulia mwenyewe ukifika."

"Basi aje uwanjani kunipokea. Nitaanza na uso wake kumwona vizuri."

Hakimu alifuta uso kwa mkono wa gauni. Mama alikata simu, akamtazama mwanawe, halafu mdogo wake.

"Sikilizeni, maana sitarudia. Kutilia shaka si kosa. Mimi ndiye niliyewafundisha kuogopa matapeli. Kosa ni kutilia shaka bila kusoma, na kuhukumu bila kuuliza. Tulimwogopa mwizi wa nje, tukamtafuta mwizi wa ndani, na mwizi hakuwepo. Hakimu, umesema kweli pale ambapo uongo ungekuokoa. Hilo ndilo limekuokoa na kofi langu. Na mimi nina langu: nilimwachia mtoto simu nikamwambia afute, sikumwambia asome. Mdogo wangu, nimekushuku bure mbele ya watu. Nisamehe."

"Yamekwisha, Dada," mama mdogo alisema. Akamvuta Hakimu ubavuni. "Lakini Jumamosi ijayo mfuko wa saluni utaubeba wewe, ujue unakwenda wapi."

Karani alikuwa na mkono juu ya kibodi. "Niikate, mama? Ya ndege ya Jumanne ijayo?"

Mama aliweka kadi juu ya dawati. "Ikate."

Mashine ndogo ilikoroma, ikatema karatasi. Mama aliichukua, akaipitisha kwa Hakimu bila kuitazama.

"Soma," alisema. "Kila neno. Kwa sauti."

Na Hakimu, pua bado imeziba, alisimama chini ya ndege yenye vumbi, akaanza kusoma kuanzia mstari wa kwanza kabisa: "Mpendwa mteja."